Babati haiko mbali kiasi hicho

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alimaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye akaandikiwa saa 2:09:48. Ilibidi waamuzi waitazame picha ya mstari wa mwisho ndipo ikathibitika kwamba Mtanzania alimtangulia mwenzake kwa sekunde 0.03, yaani milisekunde 30, na nchi ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Manyara, jirani wa Singida na chimbuko la wakimbiaji tangu siku za John Stephen Akhwari wa Mbulu, haihitaji kusomeshwa thamani ya muda mdogo namna hiyo. Ila upo uwanja mwingine ambako muda wa aina hiyo hupotea kila jioni na hakuna anayepiga picha. Kijana wa Babati, mkoani humo, anayefungua PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty: Mobile au eFootball ili apambane na wenzake wa Cairo, Riyadh au Istanbul, mara nyingi huingia mchezoni akiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 150, na mtandao ukizingua zinafika 200 na zaidi. Ni mara tano ya pengo la Tokyo, na bado hajagusa kioo.

Wachezaji huliita tatizo hilo lagi, na namba inayolipima huiita pingi: muda ambao ujumbe mdogo hutumia kutoka kwenye simu hadi kwenye seva ya mchezo na kurudi. Pingi ikiwa 40, kitufe kinatii. Ikiwa 180, pasi inaondoka mguuni wakati beki ameshafika. Hapo lawama huanza kugawanywa. Simu inastaki, atasema mmoja. Bando halina kasi, atasema wa pili. Na wa tatu atatoa kauli inayofunga mjadala, kwamba Babati ni mbali. Kauli hiyo ya tatu ndiyo makala haya yanaipinga. Umbali upo na una hesabu yake, lakini hesabu hiyo ikiwekwa mezani inaeleza chini ya nusu ya muda unaompotea mchezaji. Uliobaki umetokana na uamuzi wa watu: seva imewekwa wapi, data inapitishwa njia ipi, na foleni za njiani zinasimamiwaje.

Tuanze na kile kisichobadilika. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde katika ombwe, lakini ndani ya uzi wa kioo wa mkongo wa mawasiliano kasi hiyo hushuka hadi kama kilomita 200,000. Maana yake ni kwamba kila kilomita 100 za njia hugharimu milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, na hakuna kampuni, serikali wala dua itakayoipunguza. Kutoka Babati hadi Frankfurt, Ujerumani, ambako seva nyingi za Ulaya hukaa, ni kilomita 6,500 hivi kwa mstari ulionyooka. Gharama ya chini kabisa ni milisekunde 65. Hadi Bahrain, ambako baadhi ya michezo huhudumia Mashariki ya Kati, ni kilomita zipatazo 3,700, yaani milisekunde 37. Johannesburg ni milisekunde 26. Nairobi, kwa barabara ya Arusha na Namanga, ni kilomita 440 hivi: milisekunde 4 na kitu. Namba hizi ni sakafu, kwa maana kwamba kwa umbali huo hakuna mtu atakayeshuka chini yake, awe Babati au Berlin. Na mtu yeyote anayeona pingi ya 180 kwenda Ulaya ajue kwamba fizikia imechukua 65 tu, na kwamba 115 zilizobaki zina mwenyewe.

Sehemu ya hizo 115 imelala baharini. Data haipiti juu ya Sudan na Libya kama ndege. Ikitoka Babati hushuka hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 kwa njia ya Dodoma, kisha huingia kwenye mikongo ya baharini. Seacom ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kabla ya hapo pwani yote ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa setilaiti hizo, ujumbe wa kwenda na kurudi hupanda na kushuka mara mbili, karibu milisekunde 480 kwa safari ya angani peke yake, na mchezo wa kufyatuliana risasi ulikuwa hauwezekani hata kwa mwenye fedha. Kwa hiyo mkongo ulikuwa ukombozi, na asiyekumbuka hilo anaudhulumu. Lakini mkongo wa kwenda Ulaya hupita Bahari ya Shamu, Misri, kisha Mediterania hadi Marseille, na ukijumlisha na vipande vya nchi kavu pande zote mbili unakaribia kilomita 10,000. Sakafu ya 65 imepanda hadi 100 bila mtu kukosea chochote. Ndiyo maana Februari 2024, nanga ya meli Rubymar iliyoshambuliwa na Wahouthi ilipoaminika kukata mikongo mitatu katika Bahari ya Shamu, Seacom ukiwamo, tatizo la Yemen likageuka kuwa tatizo la mchezaji wa Afrika Mashariki. Mei 12 mwaka huohuo Seacom na EASSy zikapata hitilafu siku moja upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hizo data hutafuta njia ndefu zaidi, na mchezaji huona pingi inapanda hata pale ambapo WhatsApp inafunguka.

Je, milisekunde hizo zinauma kweli, au ni kisingizio cha aliyeshindwa? Swali hili limepimwa. Mwaka 2006 Mark Claypool na Kajal Claypool walichapisha katika jarida la Communications of the ACM uchambuzi wa namna ucheleweshaji unavyoharibu michezo ya aina mbalimbali. Matokeo yao ni kwamba michezo haiumii sawa. Ile ambayo mchezaji hutazama kwa macho ya mhusika wake, kama ya kulenga shabaha na ya mbio za magari, huanza kuharibika pingi inapofika milisekunde 100 hivi. Ile ambayo mchezaji humtazama mhusika kutoka nyuma au juu huvumilia hadi karibu 500, na ya mikakati, ya kujenga miji na kupanga majeshi, huvumilia hadi sekunde nzima. Kinachoamua ni mambo mawili: tendo linahitaji usahihi kiasi gani, na lina muda gani kabla halijapitwa na wakati. Kizingiti cha 500 waliwapa pia wachezaji wa soka, na hapo naona walikuwa wakarimu mno. Mpira wa kupenyezea kati ya mabeki wawili hausubiri nusu sekunde. Hata hivyo, kwa mchezo wa kulenga shabaha hesabu yao inaingia akilini. Mtu wa kawaida huhitaji milisekunde 200 hadi 250 kuitikia anachokiona. Ukimwongezea 150 za mtandao, kijana mwepesi wa miaka 19 anacheza kwa mikono ya mtu mzito kuliko yeye, na hajui kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba watengeneza michezo walishalimaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba walilipunguza. Desemba 1996 John Carmack wa id Software alitoa QuakeWorld, ambamo kompyuta ya mchezaji ilianza kumsogeza mhusika papo hapo kwa kubashiri jibu la seva badala ya kulingoja. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa Valve akaeleza mbinu nyingine: seva hurudisha nyuma picha ya uwanja hadi ule wakati ambao mpigaji alikuwa akiuona, ndipo inaamua kama risasi imepata. Michezo ya ngumi nayo ikapata mbinu ya kurudisha nyuma fremu chache na kuzicheza upya, ambayo Tony Cannon aliileta kwa programu ya GGPO. Bila watu hawa kusingekuwa na gemu ya mtandaoni inayochezeka Babati. Lakini mbinu zao haziondoi ucheleweshaji, zinaamua nani aubebe. Seva ikimhurumia mpigaji, anayeumia ni aliyejificha: yeye kwenye simu yake ameshaingia nyuma ya ukuta, na bado anakufa, kwa sababu kwenye picha ya kale ya adui alikuwa bado nje. Hicho ndicho kifo kinachowafanya vijana watupe simu kitandani na kusema mwenzao anatumia programu ya wizi. Na ubashiri hufanya kazi vizuri pale tu ambapo ucheleweshaji haubadilikibadiliki. Pingi ya 120 isiyotikisika inafundishika. Mchezaji hujifunza kupiga mapema. Pingi inayoruka kutoka 70 hadi 300 na kurudi ndani ya dakika moja haina mwalimu.

Kuruka huko ndiko kunakotufikisha kwenye upotevu ambao Babati haiwezi kuulaumu umbali. Mtu yeyote anaweza kuupima bila kifaa. Apime pingi ya mchezo uleule, kwenye seva ileile, saa kumi alfajiri, kisha saa mbili usiku. Frankfurt haijasogea kati ya saa hizo. Mkongo haujarefuka. Kama alfajiri ilikuwa 140 na usiku ikawa 260, basi milisekunde 120 ni foleni tupu: pakiti zake, yaani vipande vidogo vya data, zinangoja zamu kwenye mnara uliojaa watu, kwenye njia nyembamba kati ya mnara na mkongo, au kwenye ruta ya palepale alipo. Simu ya 4G haitumi data inapojisikia. Huomba nafasi kwa mnara na kupangiwa. Watu wa mtaa mzima wakiwa mtandaoni, zamu huwa ndefu. Mawimbi yakiwa hafifu nyuma ya ukuta wa tofali na bati, pakiti huharibika na kurudiwa, na kila kurudia kwenye 4G hula kama milisekunde 8. Hizi ni hasara ndogondogo, lakini zinajilimbikiza saa ileile ambayo watu wametoka kazini na shuleni na wanataka kucheza.

Hapa ndipo matangazo ya bando yanapowapotosha watu, pengine bila nia mbaya. Kinachouzwa ni ujazo na kasi: GB ngapi, Mbps ngapi. Mchezo wa mtandaoni hauhitaji vyote hivyo. Mechi za saa nzima mara nyingi hutumia makumi ya MB, na hata zikifika MB 100 kwa saa ni Mbps 0.22 tu, kiasi ambacho hata 3G iliyotulia inakimudu. Fikiria malori ya mbaazi yanayotoka Babati kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ukiongeza malori kumi, mbaazi zitakazofika bandarini zitakuwa nyingi zaidi, lakini hakuna gunia litakalofika mapema kuliko jana. Kasi inayotangazwa ni idadi ya malori. Pingi ni saa za safari. Na kinachozidi kuwachanganya wateja ni kwamba YouTube inakwenda vizuri. Inakwenda vizuri kwa sababu kampuni kubwa za video huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma wenyewe, na kwa sababu video hupakuliwa sekunde nyingi kabla ya kutazamwa. Goli lililofungwa jana linaweza kuwekwa akiba Dar es Salaam. Goli ambalo halijafungwa haliwekwi akiba popote. Kwa hiyo mtu anayesema mtandao wa Babati ni mzuri na anayesema ni mbovu wanaweza wote kuwa wakweli, mmoja akitazama tamthilia na mwingine akicheza.

Foleni ya ruta inastahili kuzungumzwa peke yake kwa sababu dawa yake ipo na ni rahisi. Katika kibanda cha gemu chenye mashine nne kwenye laini moja, mteja mmoja anaposhusha toleo jipya la mchezo lenye GB 40, wengine watatu hugandishwa. Wengi hudhani laini imezidiwa. Kilichotokea ni kwamba ruta, kwa kutotaka kupoteza hata pakiti moja, imezipanga zote kwenye foleni ndefu, na pakiti ndogo ya mkwaju wa penalti inasimama nyuma ya maelfu ya pakiti za upakuaji. Mhandisi Jim Gettys alilitangaza tatizo hili mwishoni mwa 2010 baada ya wataalamu kulipuuza kwa miaka. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha CoDel, mbinu inayoipa foleni kikomo cha muda badala ya kikomo cha ukubwa, na mrithi wake, fq_codel, huupa kila mtiririko wa data foleni yake. Programu hizi ni za bure na zimo ndani ya Linux. Ruta zinazozibeba zinapatikana, na katika nyingi kazi iliyobaki ni kuwasha mpangilio mmoja na kuweka kikomo kidogo chini ya kasi halisi ya laini. Mwenye kibanda atakayefanya hivyo atapoteza sehemu ndogo ya kasi na kupata mashine nne zinazochezeka kwa wakati mmoja. Sioni matumizi mengine ya nusu saa yenye faida kama hayo katika biashara yake. Zile programu za simu zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza pingi ni habari tofauti: husaidia pale tu ambapo njia ya kawaida ya data ni ya kuzunguka, na kwingineko huongeza kituo kimoja zaidi njiani.

Njia za kuzunguka ndizo zenye historia ya kusikitisha zaidi, na ya kufundisha. Novemba 2000 watoa huduma wa intaneti wa Kenya walifungua KIXP jijini Nairobi, kituo cha kubadilishana data za ndani ili barua pepe ya ofisi moja kwenda ofisi ya jirani isipande setilaiti, iende Marekani au Ulaya, na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti akakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Kwa muda huo wote majirani wawili wa Nairobi waliendelea kutengana kwa bahari mbili, na sababu haikuwa fizikia wala umaskini, ilikuwa barua ya malalamiko. Tanzania ina kituo cha aina hiyo, TIX, jijini Dar es Salaam, na Arusha nayo ina kituo chake, kilomita 170 hivi kutoka Babati. Lakini kituo kuwapo si sawa na data kupitia hapo. Data za simu kwa kawaida husafirishwa hadi kwenye lango kuu la mtandao husika kabla hazijaruhusiwa kuingia kwenye intaneti, na malango hayo huwekwa kwenye majiji makubwa. Vijana wawili walioketi benchi moja karibu na stendi ya Babati, kila mmoja na laini ya kampuni yake, wakicheza mchezo unaounganisha simu zao moja kwa moja, wanaweza kuwa wanarushiana mpira kupitia Dar es Salaam: kilomita 1,400 kwa kila tendo, 2,800 kwenda na kurudi. Hiyo ni milisekunde 28 kwa watu wanaoweza kupeana mkono. Bado inachezeka. Kampuni zao zisipobadilishana data ndani ya nchi, safari ni ya Ulaya, na haichezeki.

Ushahidi wa karibuni kuliko wote kwamba mahali pa lango huamua mambo unatoka hukohuko Kenya. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Setilaiti zake hupaa kilomita 550 hivi tu, kwa hiyo anga si tatizo; ila data za wateja zilikuwa zikiingia kwenye intaneti kupitia vituo vya nje, Lagos kikiwamo. Januari 2025 kituo cha Nairobi kikaanza kazi. Setilaiti zilikuwa zilezile, sahani zilezile juu ya mapaa yaleyale, na ucheleweshaji ukaporomoka. Anayedai kwamba lagi ni kudura ya jiografia ya Afrika anapaswa kueleza kilichotokea mwezi huo.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa upande wa mwenye mchezo. Seva ya Afrika Mashariki, atasema, haina wachezaji wa kutosha: ukiwatenga na Ulaya na Ghuba, kijana wa Babati atapata pingi ya 20 na kusubiri dakika tano kupata mpinzani, au atapangiwa mtu wa kiwango kingine kabisa. Hoja hii ni ya kweli na haiondolewi kwa maneno matamu. Mchezo unaohitaji watu 100 kwenye uwanja mmoja unawahitaji wote wawe macho saa moja, kwa kiwango kinachokaribiana. Lakini hoja hiyo inahusu kuwatenga wachezaji, haihusu kuwakaribisha. Seva siku hizi hukodishwa kwa saa. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Valve imekuwa na seva za Counter-Strike na Dota 2 huko kwa miaka. Kwa mchezo wa watu wawili, kama soka au ngumi, hakuna haja ya umati. Wachezaji kumi wa kiwango kimoja kati ya Nairobi, Kampala, Arusha na Mwanza wanatosha kuianza jioni. Kanda moja yenye kitovu Nairobi, ikitumia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL na unaofika mpakani Namanga, ingemweka mchezaji wa Babati jirani kabisa na seva. Sharti lake ni kwamba data ipande kaskazini kwa Arusha badala ya kushuka kwanza Dar es Salaam na kuzunguka kwa Mombasa. Hapo hatuiombi kampuni ya gemu tena; tunaziomba kampuni zetu za simu ziamue njia.

Wengine wataweka matumaini yao kwenye 5G, ambayo Vodacom iliizindua Tanzania Septemba 2022. Itasaidia, kwa kipande kimoja: kile kati ya simu na mnara. Ikifika mtaani, itakata labda milisekunde 20 au 30 pamoja na sehemu ya foleni. Haitagusa Bahari ya Shamu, haitahamisha lango, haitaleta seva. Mnara mpya mbele ya njia ileile ya kuzunguka ni malipo mapya kwa tatizo la zamani.

Limebaki pingamizi la wazee, kwamba haya ni mambo ya watoto na wahuni wa vibandani, na mkoa wenye mahitaji ya maji na barabara usipoteze pumzi kwa ajili ya gemu. Naliheshimu, lakini linakosea shabaha. Mchezo ni kipimo chepesi kuumia kuliko vingine vyote, na kinachouumiza huumiza pia yasiyo mchezo. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika waraka wake wa G.114, ni kwamba sauti ya mazungumzo isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Zikizidi, watu huanza kukatizana kauli. Daktari wa Babati anayeshauriana kwa video na bingwa aliye jiji jingine, mwanafunzi anayesikiliza mhadhara na kutaka kuuliza, fundi anayeendesha kompyuta ya mteja kutoka mbali, wote wanasimama kwenye foleni ileile. Kwingineko muda huu umeshapewa bei: mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilifungua mkongo wa Chicago hadi jirani ya New York, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 300, ili kupunguza milisekunde zipatazo 3 au 4 kwa wafanyabiashara wa hisa. Na kuhusu gemu zenyewe, mashindano ya Esports World Cup ya Riyadh mwaka 2024 yalikuwa na zawadi zilizozidi dola milioni 60. Njia ya kwenda huko mara nyingi hupitia mechi za mchujo zinazochezwa mtandaoni, kila mtu akiwa kwao. Mchujo wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kipaji na anwani ya mchezaji.

Kwa wachezaji wa Babati, basi, ombi ni moja na halihitaji fedha. Acheni kulalamika kwamba mtandao unazingua, kwa sababu lalamiko hilo halina pa kushikwa. Andikeni namba: pingi ya alfajiri na ya saa mbili usiku, seva ipi, laini ipi, mtaa upi, tarehe ipi. Tofauti kati ya namba mbili za laini moja inaonyesha foleni. Tofauti kati ya laini mbili, saa moja, mtaa mmoja, inaonyesha njia. Zikikusanywa za wiki chache kutoka kwa wachezaji kumi, zipelekwe kwa kampuni inayouza bando, na nakala iende kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, na kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Baraza hilo liliundwa kwa sheria ileile ya mwaka 2003 iliyounda TCRA, na kazi yake ni kutetea maslahi ya watumiaji, wachezaji wakiwamo.